Siku Nilipokataa Bukari ya Tata Ilunga

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, mwishoni mwa kiangazi, vumbi jekundu limelala juu ya kila jani kando ya barabara ya Dilolo, nami nashuka kijitoni na chupa tatu kikapuni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilijiona nimefika. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Baba yangu alizeekea kwenye shaba. Mimi, binti yake Ngalula, nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuishika kwa mikono iliyonawa sabuni, ndani ya maabara ya kiwanda.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila Jumatatu nichote maji ya kijito cha Kabulu mahali patatu: juu ya kiwanda, kwenye bomba la kutolea maji machafu, na kule chini darajani, ambako akina mama wa kijiji cha Mwakayi waliloweka mihogo yao. Kila chupa na karatasi yake. Majibu ya vipimo yalisomwa kijijini mbele ya watu.

Siku hiyo shefu wangu, Misye Placide, mkuu wa maabara, alinisindikiza mpaka mlangoni. Usimdhanie alikuwa mtu mbaya. Mama yangu alipougua, ni yeye aliyetoa gari la kumpeleka hospitali. Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, mkali anajulikana kwa ukali wake. Wa kumtazama mara mbili ni yule uliyezoea kumshukuru.

"Ngalula," aliniambia polepole, "leo chupa zote tatu, chota kule juu."

"Zote, shefu?"

"Bwawa yetu ya mayi chafu iko inavuja. Tutaitengeneza. Lakini bakubwa ba serikali bakiona ile mayi ya chini sasa, banafunga kiwanda. Na bakaka zako babili, si beko ku liste ya batu ba kazi?"

Nilichota juu. Maji yalikuwa meupe pe, na nikaandika "daraja" kwenye chupa ambayo haikuliona daraja. Mwandiko ulitoka mzuri kama siku zote. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Nilijiambia ni mara moja tu. Jumatatu iliyofuata nilichota juu tena, na safari hiyo hakuna aliyeniagiza.

Majibu yakasomwa Mwakayi, nami nikiwepo: maji ni mazuri. Akina mama, waliokuwa wameanza kuogopa kwa sababu ya samaki waliokufa, walipiga makofi, wakarudi darajani na mihogo yao. Mzee mmoja tu hakupiga makofi. Huyo alikuwa Tata Ilunga, mtu aliyetumikia tanuru la kuyeyushia shaba ujana wake wote, na sasa kifua chake kilipiga filimbi kila alipopumua. Alilima kabichi na vitunguu kando ya kijito, akiwauzia wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Hakuuliza swali lolote mkutanoni. Alinitazama tu, kisha akasema, "Ngalula mutoto yangu, Jumatatu ukipita, ingia kwangu ukule."

Nani hukataa mwaliko wa mzee? Nikaingia. Mkewe, Mama Feza, alinimwagia maji ya kunawa, akaweka mezani bukari, ugali wetu wa unga wa mihogo, inayofuka moshi, na sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa kwa mawese. Niliitazama ile bukari. Nikaiona mihogo imelala siku tatu chini ya daraja, ikinywa kila kilichotoka kwenye bomba.

"Nimeshiba, Tata," nikasema. "Nilikula nyumbani."

"Kiloko tu, hata tonge moya."

"Tumbo inaniuma."

"Ni kushiba ao ni kuuma?" akauliza.

Mama Feza akainamisha kichwa. Mzee akamega tonge, akachovya kwenye sombe, akala taratibu. Akamega la pili. Nilitaka kumshika mkono, nisithubutu. Alipomaliza alifuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Usiogope," akasema. "Hii mihogo nilinunua mujini, ku soko. Mi na mama hatuloweke tena pale tangu samaki zilianza kuelea. Bamama bengine ndio balirudia, sababu ya ile karatasi yako. Mi nilitafuta tu kujua kintu kimoya: huyu mutoto hajue, ao anajua?"

Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi maishani mwangu. Hakuna tusi lililonichoma kama sahani ile iliyobaki imejaa mbele yangu. Nikaanza kujitetea: kaka zangu, mama yangu, kodi ya nyumba. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Mi si adui ya kiwanda," akasema. "Shaba ilisomesha batoto bangu. Kiwanda ikifungwa, kabichi yangu nitauzia nani? Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Leo unaficha. Kesho mutoto wa mutu atakufa, bijana batachoma lango, na bakaka zako batatumika wapi? Unafikiri unachunga kazi yabo. Unaiua."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kijitoni. Nikachota juu, nikachota bombani, nikachota darajani. Ya darajani ilikuwa na ukijani hafifu na ilinuka kama sarafu iliyolowa. Chupa tatu nilimwekea Misye Placide mezani. Nyingine tatu za mahali palepale, nilizoazima jikoni kwa Mama Feza, nilikuwa nimemwachia Tata Ilunga azifikishe kwa padri wa parokia, aliyejua watu wa maabara kule Lubumbashi. Sikumwamini shefu, na mwenyewe ndiyo kabisa sikujiamini: nilijua nikipewa siku moja ya kufikiri, nitazimwaga.

Misye Placide alizisoma karatasi za chupa moja moja. "Umetukata mukono, Ngalula," akasema. Wiki hiyo nikaachishwa kazi, nikarudisha gwanda.

Sitakudanganya kwamba nilishangiliwa. Majibu ya Lubumbashi yalipokuja, kiwanda kilisimama mpaka mvua zikakolea. Wanaume wakakaa nyumbani, na wanaume wakikaa nyumbani sufuria hukaa nazo. Jirani mmoja alinimwagia maji ya vyombo miguuni, akasema, "Oga, si unapenda mayi?" Kaka zangu walikula nami meza moja bila kunisemesha.

Mwishowe wazee wa Mwakayi, Tata Ilunga akiwa mbele yao, waliketi na wenye kiwanda. Bwawa jipya likachimbwa, likatandikwa plastiki nene, na waliolichimba walikuwa vijana wa kijiji pamoja na kaka zangu wote wawili. Akina mama wakachimbiwa kisima. Kiwanda kikafunguliwa, na mpaka leo kinafanya kazi. Mimi sikurudishwa, nilijifunza cherehani. Tata Ilunga alifariki mwaka uliofuata, kifua chake kimechoka. Kuhusu samaki, wanasema wamerudi hadi chini ya daraja. Mimi sijawaona.

Siku hizi wanakuja wenye migodi wengine, na magari meupe na mabango yenye picha za majani. Wanatuambia shaba na kobalti yetu, ndani ya magari ya umeme, vitasafisha hewa ya miji ya mbali. Huenda. Mimi nauliza tu, na hewa ya hapa? Na wale wanaopiga kelele dhidi yao nawatazama vilevile, maana nimeshuhudia msemaji wao akipewa cheo na kiti chenye mto, na sauti yake ikapotea.

Basi nisikilize, mwanangu, kabla hujaondoka. Kazi itafute, tena kwa bidii. Njaa si mlinzi wa mto, mwenye njaa huukata msitu wa mwisho na kuuza mkaa. Lakini akupaye kazi, mwangalie anataka ufumbe jicho gani. Ukiletewa karatasi inayosema mambo ni mazuri, muulize aliyeileta kama yeye hunywa maji ya pale, na utazame uso wake kabla ya kusikiliza jibu. Usiridhike na ahadi ya bwawa. Nenda ukalione lilivyochimbwa. Na unayepaswa kumshuku kuliko wote ni wewe mwenyewe, siku moyo wako utakaponong'ona kwamba ni mara hii tu.

Mungu aliyeweka shaba chini ya ardhi hii na maji juu yake, akujalie vyote viwili. Akupe kazi ambayo mama yako ataisimulia kanisani bila kupunguza sauti, na watoto wako wakute nchi ambayo maji yake bado yananyweka. Nenda salama.