Mbwa Aliyeitwa Hakuna Neno

Wiki iliyopita alifariki msasi mmoja mzee wa Rejaf, na habari za kifo chake nililetewa na mwanamke Mganda aniuziaye mkaa hapa Nyakuron, mjini Juba. "Mwalimu," alisema akitua gunia, "ule muzee ya mbwa amekufa. Na ile mbwa yake kubwa imeingia matete, haitaki kurudi." Msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu anajua jinsi ninavyozichukulia ngeli za Kiswahili, na katika maneno hayo machache palikuwa na kazi ya asubuhi nzima. Nilimpa pole, nikatafuta viatu. Yapo mambo ambayo hata sarufi huyapisha njia.

Marehemu aliwinda ndezi, yule panya mnene wa matetini ambaye akilala usiku mmoja katika shamba la mihogo, asubuhi mwenye shamba hujiuliza kama alipanda kweli. Mbwa wake hawakuwa wa kutazamwa. Walikuwa wadogo, wembamba, masikio yamechanwa na miiba, kila mmoja na kengele shingoni ili bwana wake ajue yuko wapi ndani ya majani. Jike kubwa ndilo lililoingia kumkurupua mnyama. Wengine walingoja nje kando ya wavu. Nilikuwa nimekodi kishamba karibu na chake, na siku tulipofahamiana alinitoa hofu akisema, "Ustaz, mbwa yangu iko kali, lakini hapana uma mutu." Nikamweleza, kwa upole, kwamba mbwa ni kiumbe mwenye uhai, kwa hiyo ni mbwa wangu, ni mkali, na haumi mtu. Alinisikiliza kofia mkononi, akanishukuru. Niliporudi baada ya majuma kadhaa nilimkuta na kibwa kipya chenye madoa, nikauliza anaitwa nani. "Nani Alikuuliza," akajibu. Nikasema kwa heshima kwamba hakuna aliyeniuliza, bali mimi ndiye niliyeuliza. "Ustaz, sikia," akasema, kisha akageukia shamba na kuliita jina hilo kwa sauti ya kufika ng'ambo ya Nile, na kile kibwa kikaja mbio kikitikisa mkia. Nililichambua jina hilo njia nzima ya kurudi mjini. Halikuwa na kosa hata moja la sarufi.

Nilikuja kuelewa kwamba msasi yule hakumpa mbwa jina la kumpendeza mbwa. Alimpa neno ambalo yeye mwenyewe angependa kumwambia mtu fulani, lakini adabu au woga umemzuia. Kisha alimwita mbwa wake kwa sauti karibu na ua wa mhusika, na hakuna baraza litakalomshtaki mtu kwa kumwita mbwa wake. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Na majirani zake wote walikuwa werevu, hivyo fumbo liligangulika kabla mbwa hajafika. Lile jike kubwa liliitwa Kalam Mafi, maneno ya Kiarabu cha Juba ambayo kwa Kiswahili ni "hakuna neno". Aliyekusudiwa alikuwa jirani yake wa upande wa mto, mtu waliyekaa naye uhamishoni Uganda, wakarudi pamoja, wakatumia jembe moja mpaka kila mmoja alipopata lake.

Kilichowatenganisha ni paja. Desturi yao ilimpa mwenye shamba paja la nyuma la mnyama aliyefia shambani mwake, na siku hiyo ndezi aliamua kufia juu ya tuta la mpaka, kichwa kwa marehemu, matako kwa jirani. Jirani alisema paja liko kwake, kila mwenye macho analiona. Marehemu alisema mnyama ni wa kule kichwa kinakoelekea, au jirani akirudi nyumbani kwake huingia kinyumenyume? Hapo yakatamkwa mengine ambayo hayakumhusu ndezi hata kidogo. Walipochoka kubishana na kuinama kuchukua nyama, mbwa walikuwa wamekwisha kuamua kesi. Tangu hapo watu hawa hawakusemezana, na kibwa jike kilichozaliwa msimu ule kikapewa jina lake: hakuna neno kati yangu na wewe. Jirani, ambaye maisha yake yote hakuwa msasi, alikwenda mjini, mtaa wa Mangateen, na kurudi na mbwa aliyeogopa hata kuku, akamwita Iko Siku. Basi kwa miaka mingi kulipopambazuka ungesikia upande huu "Kalam Mafi!" na upande ule "Iko Siku!", huku mbwa wenyewe, ambao hawakuarifiwa kwamba ni maadui, wakikutana kwenye tuta na kunusana kwa amani.

Tusiwacheke. Wenzetu wa mwambao huyaandika mafumbo yao kwenye kanga. Sisi wa mjini tunaandika status kwenye simu, kisha tunakesha tukiangalia kama mlengwa ameisoma. Nimewahi kusikia mahubiri marefu yaliyokusudiwa mtu mmoja wa benchi la tatu, na kanisa zima likaitikia amina kwa ajili yake. Tumekuwa jamii ya watu wanaosema kila kitu na kila mtu isipokuwa jambo lenyewe na mhusika mwenyewe. Tofauti yetu na marehemu ni kwamba fumbo lake walau lilikamata ndezi.

Nilipofika msibani mjane alinieleza mambo ambayo ua ulikuwa umeyaficha. Mumewe alipougua, jirani alikuwa akisimama kwenye tuta asubuhi na jioni akimwita Iko Siku, ingawa Iko Siku alikuwa amelala juu ya miguu yake. Siku alipochelewa kuita, mgonjwa alijiinua kitandani na kuuliza, "Leo huyu mutu hapana ita? Iko mugonjwa?" Mkewe alipotaka kwenda kuuliza, alikatazwa. Ng'ambo ya tuta mke wa jirani alikatazwa vilevile. Sasa mjane alikuwa na hofu nyingine. Jike lilikuwa limetorokea matetini tangu bwana wake alipokata roho, na kule kuna mitego na mamba. Bila jike hilo mbwa wengine hawaingii majanini, na bila mbwa mihogo yake, chakula cha wajukuu, ni karamu ya ndezi. Wanaume walikuwa wamepiga miluzi na kutupa vipande vya nyama. Jike halikujali, lilizoea kuitwa kwa jina, kwa sauti nene. Lakini nani angethubutu kulipaza jina lile msibani, mbele ya yule aliyetupiwa?

Katekista alipomaliza sala kaburini, alitutazama akauliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu. Kengele ikalia mbali, matetini. Jirani alikuwa amesimama nyuma kabisa, upande wake wa tuta. Akalivuka, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Kalam Mafi!" Watu waligutuka, na shangazi mmoja wa marehemu alianza kutafuta fimbo. Jirani akaita tena, na mara hii ndipo nilipokumbuka kwamba "hakuna neno" twamwambia mtu tusiyetaka kusema naye, na pia twamwambia aliyetukanyaga mguu na kutuomba radhi. Kengele ikakaribia. Jike likatoka na tope mpaka tumboni, likapita katikati yetu, likaketi miguuni pake. Basi kazi ilikuwa imekwisha. Lakini jirani aliligeukia kaburi na kuita mara ya tatu, sasa kwa sauti ya chini: "Kalam mafi, ya akuy." Yaani, hakuna neno, ndugu yangu. Chakula kilipoletwa, mjane alimpelekea paja zima la mbuzi. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka jirani mwenyewe alipocheka, na alipocheka ndipo akalia.

Funzo ningeweza kulitoa hapo na kwenda zangu, ila mjane alinipa Nani Alikuuliza niwe naye, akisema mbwa huyo ni wangu tangu azaliwe. Hajibu jina jingine. Nimejaribu majina mazuri sana. Kila jioni nasimama langoni na kuwapigia watu wa Nyakuron nzima kelele kwamba nani aliwauliza. Mhasibu Mkenya wa nyumba ya kushoto aliacha kunisalimu, na mama wa mkabala alidhani nalijibu swali lake kuhusu maji. Imenibidi niende mlango kwa mlango kueleza, na nimekunywa chai katika nyumba nilizozipita miaka mingi bila kujua nani anakaa ndani. Kwa hiyo nasema: neno la mtu mpe mtu, angali na masikio. Na wewe msomaji, ukiona nimekushauri usichotaka, usininunie pembeni. Njoo langoni uniulize kwa sauti, nani alikuuliza? Mmoja wetu atatoka.