Mbegu za Mfenesi wa Hamimu

Usafi ni nusu ya imani, na Sikuzani wa Nyakabiga aliishika nusu hiyo kwa mikono miwili. Maharage yake ya mbegu aliyasugua jivu, akayaanika siku saba, na mwaka mzima mdudu hakuyagusa. Mumewe Hamimu, fundi wa magari, alikuwa mtu wa vivi hivi tu. Siku moja alikula fenesi uani, akazitema mbegu mchangani na kuzifukia kwa kisigino. Mkewe alimcheka mbele ya wageni.

"We muzee, ata kupanda unapanda na mate."

Mbegu moja ikaota. Miaka ishirini na miwili mti ule uliwapa matunda, na Hamimu ndiye aliyeupogoa na kuumwagia maji aliyotawadhia kila asubuhi.

Hamimu alipofariki, kaka yake Sulemani aliuza kiwanja walichokuwa wakiishi. Mnunuzi alitaka kujenga, kwa hiyo mti ungekatwa, na Sikuzani angehamia Kinama kwa binti yake Yasmina. Hakugombana na mtu. Alitaka kitu kimoja tu: mtoto wa mti ule aote uani kwa Yasmina.

Lilikuwa limebaki fenesi moja. Alijipaka mawese mikononi ili ulimbo usimgande, akalipasua na kutoa mbegu, zikinata na kuteleza. Akazisugua jivu moja moja, akazianika juu ya bati siku saba. Zilipendeza kweli. Siku ya nane mti ukaangushwa, na kisiki kikang'olewa.

Kinama alizipanda kwenye makopo ya maziwa. Wiki ya sita, kopo hata moja halijaota, akamwita jirani yake Marguerite, mama wa Uvira anayeuza miche. Marguerite alifukua mbegu moja, akaivunja kwa vidole. Ndani ilikuwa nyeusi.

"Mama Yasmina, uliianika ku jua?"

"Siku saba. Niliisafisha vizuri na jivu."

"Mbegu ya fenesi apana kuanika, mama. Inapandwaka siku ile ile, na utelezi wake. Ikikauka, inakufa."

"Zote?"

"Zote, mama. Pole."

Sikuzani alikiona tena kisigino cha Hamimu mchangani, akakisikia na kile kicheko chake mwenyewe mbele ya wageni.

Makopo hakuyamwaga. Jioni alitawadha juu ya beseni, kisha akayagawia maji yale, kopo baada ya kopo.