Upande Mrefu wa Paa

Siku hizi nasikia watu wakizisifu nyumba za mbao za zamani, eti zilikuwa na mapaa ya kupendeza, mbele mafupi, nyuma marefu. Mie sizisifu. Nililala chini ya huo upande mrefu.

Ilikuwa Temeke, enzi za Mwingereza, nami kuli bandarini. Mwenye nyumba alijenga vizuri upande wa barabarani: mbao zimenyooka, bati safi. Nyuma, kila alipotaka mpangaji mwingine aliongeza kipenu, akalivuta paa kwa makuti na madebe yaliyopondwa, likashuka, likashuka, mpaka likafunika na choo. Chumba changu kilipakana na choo hicho. Hewa haikuwa na pa kutokea. Makuti yaliyooza yalidondosha maji meusi kitandani, na funza wa chooni walipanda ukutani mchana kweupe.

Mke wangu alikwenda kwao Mtoni kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Arobaini ilipokwisha, mama mkwe alitangulia peke yake, aone mjukuu wake atalala wapi. Mbele akapasifu. Nikampeleka nyuma. Akainama, akainama tena, mwishowe mama wa watu akapiga magoti kuingia kwa mkwewe. Funza akamdondokea kwenye kanga.

“Baba,” akaniuliza, “hapa mnafuga nini?”

“Ndipo tunapolala, mama.”

Mwenye nyumba akadakia kutoka uani, “Bibi, mbona wenzake wanakaa? Watoto wanazaliwa humo humo!”

“Na wewe mzee, unalala huku?”

“Mie nalala mbele.”

“Basi walete wajukuu zako walale huku. Wa kwangu mwache.” Akanigeukia. “Ukipata nyumba ya watu, njoo uwachukue.”

Akaondoka, hata maji hakunywa.

Nilimkasirikia. Kisha nikaingia ndani, harufu ikanipiga, nikaona mama wa watu hana kosa. Shule sikwenda, jina langu nilijifunza kuliandika ukubwani, lakini nyumba niliijenga kwa mikono hii, paa sawa pande zote, choo mbali kule mwisho wa kiwanja. Masika ikapita, ikaja nyingine, na nyingine tena, nami bado nakandika udongo, kwa aibu sijakanyaga Mtoni.

Nilipokwenda kuwachukua, mwanangu alinikimbia, akashika kanga ya bibi yake.

“Bibi, huyu nani?”