Kakakuona wa Betri

Katika soko la Newala husimuliwa kwamba dada yangu aliuza shamba la mikorosho la ukoo wetu kwa kuwa katuni ilimwamuru auze. Nimelisikia hilo kwa kinyozi, nikalisikia tena msibani, mahali ambapo watu wazima walipaswa kuwa na jambo jingine la kusema. Wasimuliaji hao wote hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, nimeketi juu ya kigoda kwenye baraza ya dada yangu kule Kitangari, na kwa kuwa niliitumikia serikali nikiwa ofisa wa wanyamapori hadi nilipostaafu, nimezoea kueleza kilichoonekana, si kilichodhaniwa. Ndivyo nitakavyoeleza hapa.

Mwenye hiyo inayoitwa katuni alikuwa mpwa wangu, mwana pekee wa dada. Asidhaniwe kuwa alikuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za mapema, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kubangua korosho. Kiwanda kilipofungwa tuliambiwa kwamba kinapumzishwa tu mpaka apatikane mwekezaji. Mwekezaji akapatikana, naye jambo la kwanza alilolifanya ni kutia kufuli kubwa kuliko lile la serikali. La pili hatujaliona hadi leo. Korosho zetu zikawa zinaondoka mbichi kwenda kubanguliwa ng'ambo, na watu waliojua kubangua wakabaki kando ya barabara wakitazama malori.

Mpwa wangu akahamia Lisekese, upande wa Masasi, akapanga chumba na kuanza kuuza bidhaa za mtumba gulioni. Ndani ya mzigo mmoja alikuta mashine ndogo ya michezo ya kushika mkononi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, yenye kioo cha kijivu na vitufe vichache. Ilikula betri kuliko redio. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukamata viumbe wasiokuwapo duniani, kuwafuga, kuwakuza na kuwapiganisha. Mimi, niliyelipwa mshahara kuwazuia watu wasikamate wanyama waliopo, sikuweza kuona faida ya kukamata wasiokuwapo, na nilimwambia hivyo. Alinijibu kwa adabu kwamba hao angalau hawana ofisa.

Kati ya viumbe hao alikuwapo mmoja aliyempenda kupita wote. Alikuwa mnyama wa miguu minne, mgongo wa duara, aliyefunikwa magamba kama mabamba ya chuma toka kipaji cha uso hadi ncha ya mkia, na macho madogo yaliyokaa kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mpwa wangu alikuwa amemlea tangu akiwa mdogo. Kila aliposhinda pambano alizidi kuwa mkubwa na magamba yake yakazidi kuwa mazito. Maandishi ya mashine yalikuwa ya nchi ya mbali na hapana aliyeweza kuyasoma, hivyo kila alichokijua mpwa wangu kuhusu mnyama huyo alikijua kwa kushindwa kwanza. Watoto wa Lisekese waliokuja kukodi mashine hiyo walimwita kakakuona, ijapokuwa wengi wao hawajapata kumtia machoni kakakuona wa kweli.

Hilo halikuwa kosa lao. Zamani, kakakuona alipoonekana katika wilaya yetu, watu walimleta ofisini kwa ngoma, maana kwetu huyo si mnyama wa kupita tu. Hutandikwa mkeka, hupangwa vitu mbele yake, kisha huachwa aende mwenyewe. Akielekea bakuli la maji, mvua itakuwa njema. Akielekea unga, chakula kitapatikana. Akielekea panga, watu wajihadhari na ugomvi. Sharti ni moja: hapana mkono unaoruhusiwa kumgusa wala kumsukuma. Shughuli ikiisha, ilikuwa wajibu wangu kumrudisha porini, nami niliutimiza kila mara. Soko huria lilipoingia, hata magamba yake yakapata mnunuzi, na tangu hapo ofisini kwangu hakuletwa tena kakakuona aliye hai.

Sasa nieleze suala la shamba. Shamba lile lilitoka kwa mama yetu, naye alilipata kwa mama yake, na makaburi ya wote wawili yamo humo, chini ya mikorosho. Bei ilikuwa imeanguka, dawa ya salfa ambayo zamani ililetwa kwa wakati sasa ilikuwa ya mwenye fedha, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ulikausha maua mwaka hadi mwaka. Hata hivyo shamba lilikuwa letu. Kikwazo kikubwa cha dada yangu kilikuwa maji. Bomba la Kitangari lilikuwa kavu, kisima cha kuvunia mvua uani kwake kilipasuka, na watu wa baiskeli waliuza dumu moja kwa bei ya kusikitisha. Kwa hiyo aliteremka bondeni, umri ule, na kupanda tena na ndoo kichwani, magoti yakilia. Mpwa wangu alitaka mama yake auze, ahamie Lisekese, ambako nyumba aliyoipata ilikuwa na kisima uani. Kwa desturi yetu ardhi hufuata upande wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba ni mimi. Nami nilikuwa nimekataa. Dada yangu alisimama kati yetu akiwa na la kupoteza kokote atakakogeukia: huku makaburi ya mama na bibi, huku magoti yake na mwanawe.

Siku ninayoizungumzia tulikutana alasiri, kwa wito wa dada mwenyewe.

"Shikamoo, Mjomba," mpwa wangu alisema, akivua viatu.

"Marahaba. Umekuja na mnunuzi?"

"Nimekuja na nauli ya mama."

"Mkitaka kugombana nendeni mikoroshoni," dada alisema. "Hapa nimefagia."

Nikaeleza hoja zangu kwa mpangilio: kwamba bei ya korosho iliwahi kuanguka ikainuka, kwamba serikali imeahidi bomba, kwamba ardhi ikiuzwa mara moja haiuziki mara ya pili. Nilizungumza bila kupandisha sauti. Nilipomaliza, dada alitikisa kichwa.

"Mdogo wangu, wewe ukizungumza huwa nausikia mhuri ukigonga."

"Nimesema uongo?"

"Hujasema uongo. Hata hilo bomba uliloahidiwa si uongo. Limelala pale njiani, mbuzi wanapita ndani yake."

Mpwa wangu alicheka, nami nikamtazama mpaka akaacha. Wakati huo jirani mmoja, mama wa makamo, aliingia uani kuazima kinu, na alipoona nyuso zetu hakuazima wala hakuondoka. Ndiye, sina shaka, aliyeipeleka habari sokoni, tena bila mwisho wake.

"Zamani," dada alisema, "jambo kama hili lingengoja kakakuona."

"Kakakuona mbona ninaye mfukoni, mama," mpwa wangu alisema, akacheka mwenyewe.

Dada hakucheka. "Mtoe."

"Mama, nilikuwa natania."

"Na mimi je, umeona meno yangu? Mtoe."

Akaingia ndani, akatoka na mkeka mdogo, bakuli la maji, unga wa muhogo kwenye sahani, na jembe lisilo na mpini. Akachuma na kitawi cha mkorosho kilichoinamia baraza. Alivipanga kama nilivyoona vikipangwa ofisini kwangu miaka ya nyuma, akaacha nafasi katikati. Nilimwambia kwamba kile ni kioo na betri, kwamba kilitengenezwa kiwandani na watu wasiojua hata kama Kitangari ipo.

"Na wale uliokuwa ukiwarudisha porini," alisema, "walikuwa wanaijua?"

Mpwa wangu aliwasha mashine, akamtafuta mnyama wake, akaiweka katikati ya mkeka. Yule kiumbe alisimama pale kiooni, kifua kikipanda na kushuka, magamba yake ya kijivu yakionekana vizuri kwa mwanga wa jua.

"Sasa mkono mbali."

"Mama, huyu haendi bila kubonyezwa."

"Hata magoti yangu hayaendi bila kusuguliwa, na bondeni nafika. Mkono mbali."

Akautoa. Tukangoja. Hakuna aliyecheka, na nalisema hili kwa sababu sokoni husimuliwa kama kichekesho. Kuku mmoja aliukaribia unga, jirani akamfukuza kwa kanga. Mnyama wa kiooni alibaki alivyo, akipumua mahali pamoja, asiende popote. Niliona kwamba dada alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti, akimtazama usoni.

"Anakula nini?" aliuliza.

"Hali kitu, mama."

"Anakunywa?"

Hapo mpwa wangu alisita. Nataka ieleweke kwamba alikuwa na nafasi ya kusema uongo, tena uongo wenye faida kwake: angesema tu kwamba mnyama huyo hufuata maji, na kisima kilikuwa Lisekese. Hakusema hivyo.

"Maji ndiyo yanayomwua," alisema. "Moto anauvumilia. Mawe yanamgonga yanadunda. Wenzake wakimpiga ni kama wanabisha hodi. Lakini akimwagiwa maji, mara moja tu, anaanguka. Nilimpoteza mara nyingi ndipo nikajua."

"Na magamba yote hayo?"

"Na magamba yote hayo, mama."

Dada akalichukua lile bakuli, akalisogeza mbali na mashine, taratibu, kama anayeondoa kitu cha hatari mbele ya mgonjwa, akasimama kwa shida na kuyarudisha maji mtungini. Hakumwaga hata tone. Aliporudi hakuketi.

"Kumbe ni mwenyeji wa hapa," alisema. "Mtu unavaa magamba maisha yako yote. Mume amekufa, unavaa. Kiwanda kimefungwa, unavaa. Mikorosho imeugua, unavaa. Halafu kinachokuangusha ni ndoo ya maji."

"Dada, huyo hakuchagua chochote," nilisema. "Hata kwa taratibu za wazee wenyewe, hilo si jibu."

"Sijasema amechagua. Sijasema ameniambia niuze. Nimemtazama tu, basi, nimechoka." Akageuka kunielekea na kupiga goti, jambo ambalo dada mkubwa hamfanyii mdogo wake, nami nikainuka haraka kumzuia. "Wewe ndiye mjomba. Naomba ruhusa, na jirani huyu ni shahidi. Kama unakataa, kataa, lakini kesho uje wewe uteremke bondeni."

Hilo ndilo lililotokea. Dada yangu hakuamriwa na katuni. Aliomba ruhusa kwa mtu mwenye mamlaka ya kuitoa, mbele ya shahidi, akiwa na akili zake timamu. Nami nilipima nilichokuwa nacho cha kumpa badala ya kisima. Nilikuwa na hoja, nazo alikwisha kuzisikia. Nikasema ruhusa anayo. Kisha nikachukua ile sahani ya unga iliyokuwa mkekani, nikaenda makaburini peke yangu, nikaumwaga kidogo kidogo kama inavyotakiwa, na kumweleza mama yetu kwamba mwanawe anahama na kwamba aliyeruhusu ni mimi.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara kutoka Masasi, mtu wa maneno laini, aliyeahidi kuitunza mikorosho kama yake. Ilipokuwa yake aliikata na kuichoma mkaa. Mpwa wangu alinunua televisheni na jenereta, akafungua kibanda cha michezo, na kibanda kilijaa watoto mpaka mafuta ya jenereta yalipopanda bei. Sasa amerudi gulioni. Dada anaishi naye Lisekese. Kisima kipo, na maji yapo. Hilo nalo ni kweli na lazima lisemwe.

Kila nilipokwenda kumtembelea aliniuliza habari za Kitangari: nani amezaa, nani ameoza binti, mvua imenyeshaje. Habari za shamba hakuuliza, nami sikuzitaja. Mara ya mwisho nilimkuta uani akimenya ming'oko, ile mizizi ya porini anayoipenda, miguu yake ikiwa ndani ya karai la maji. Tukasalimiana. Akamenya mbili tatu, ndipo akasema bila kuinua uso:

"Mikorosho imechanua?"

"Imekatwa, Dada. Yote."

"Nilidhani hivyo. Mkaa wake wameuleta hadi huku kuuza." Akaendelea kumenya. "Na kaburi la mama?"

"Lipo. Liko ndani ya uzio."

"Uzio una mlango?"

"Una geti. Na mlinzi."

"Anakuruhusu?"

Sikuwahi kumdanganya dada yangu. "Hunitaka nijitambulishe," nilisema. "Nisimame nje, niseme mimi ni nani na ninamfuata nani. Siku nyingine huniambia bosi hayupo, nirudi."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kijana yule mlinzi hakuwa amezaliwa wakati mimi na dada tulipomzika mama; dada alilijua hilo bila kuambiwa.

"Basi nikifa nizikeni hapa hapa Lisekese," alisema. "Sitaki nibebwe mpaka getini, halafu mtu akaniulize mimi ni nani kwa mama yangu."

Mpwa wangu alikuwa amesimama karibu na kisima, kamba mkononi. Alinitazama akingoja nipinge, maana kwetu mwanamke hulazwa kwa mama yake, na wa kulisimamia hilo ni mjomba. Nilitafuta hoja. Kisha nikasema itakuwa kama alivyotaka, na dada akanisogezea sahani ya ming'oko.