Keria Inayofika Kiunoni

Bi Kengele alipeleka barua kwa baiskeli miaka ishirini na minane. Jina hilo alilipata huko huko mitaani, maana alianza kupiga kengele tangu kwenye kona, mwenye barua akatoka mlangoni kabla yeye hajashuka. Alipostaafu, goti lake la kulia nalo likaomba kustaafu. Akapasuliwa, kisha yakaanza maisha ya kushikwa mkono: mumewe akamvisha soksi, binti yake akamnyanyua kitandani, hata jirani ambaye hawasalimiani naye akamdaka kiwiko kwenye ngazi. Wote walikuwa na nia njema, na wote walimchosha vibaya.

Mumewe, seremala mstaafu, naye alikuwa na ugonjwa wake: kombi lililozaliwa kabla ya binti yao, ambalo alilitengenezea ndani kitanda cha kukunja, kabati na meza ya jiko. Injini yake iko nyuma, na ikiwashwa asubuhi mtaa mzima hujua. Walipopanga safari yao ya kwanza, ya wiki mbili, Bi Kengele alisema baiskeli zao lazima ziende.

Mzee alikubali, akapendekeza keria ya juu ya paa. Hapo maneno yakazuka. Baiskeli ikikaa juu, wa kuishusha ni mwenye mikono mirefu, na Bi Kengele atabaki chini akingoja kuhudumiwa. Hilo hakulitaka hata kidogo. Goti lilikuwa limepona, na mtaalamu wa mazoezi hospitalini alikwisha kumwambia aendeshe. Waliobaki kupona ni watu wa nyumbani. Alitaka keria ya nyuma, inayomfika kiunoni, ili akitaka baiskeli yake aishushe mwenyewe bila kumwomba mtu.

Wakaenda kwa fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache. Fundi alilizunguka kombi mara mbili, akagonga bampa, akasema keria ikikaa hapo mlango wa injini utafunguka upana wa kiganja tu.

"Injini ikitaka kuguswa, baiskeli zitashuka kwanza, mama."

"Zitashuka. Nitazishusha mimi."

Mzee akatazama juu kana kwamba anahesabu mawingu. Fundi alikata mabomba, akachomelea kulabu, akazivika vipande vya tyubu zisikwaruze rangi. Bi Kengele alisimama pale pale akimpimia kwa kiuno chake. Kulabu ya kwanza ilipozidi kwa vidole viwili, alimwambia aikate aichomelee upya. Fundi alinuna, lakini aliikata.

Asubuhi ya safari binti alipiga simu, akamsihi mama aiache baiskeli apumzike kama watu wa umri wake. Bi Kengele alimshukuru, akakata simu, akaenda kukaza mikanda ya keria.

Kombi lilikwenda vizuri hadi mlima wa pili. Hapo taa nyekundu ikawaka, harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani, na mzee akaegesha pembeni. Alipokimbilia kulabu, mkewe alimwambia asubiri. Akashusha baiskeli yake, kisha ya mumewe, taratibu, na mlango wa injini ukafunguka. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Mzee aliyebeba bisibisi za kila saizi, gundi ya mbao na nusu kilo ya misumari hakuwa amebeba mkanda wa akiba.

Simu hazikushika mtandao. Kituo cha mafuta chenye duka la vipuri walikiacha nyuma kilomita tisa, bondeni. Mzee alisema ataenda yeye. Mkewe akamuuliza ni lini mara ya mwisho alipanda mlima kwa baiskeli, na akienda yeye, nani atabaki kufungua nati za feni.

"Ukianguka huko, mimi nitajuaje?" mzee aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli.

"Nikianguka nitainuka. Miezi minane sasa sijaachiwa hata nafasi ya kujikwaa."

Kwenda kulikuwa mteremko, hakukuwa na kazi. Kurudi ndiko kulikotaka mtu. Alijivika mkanda mpya begani, akaanza kupanda, na kwenye kilomita ya saba goti likaanza kulalamika. Alilitukana kwa majina ambayo posta hawakumfundisha. Akapunguza mwendo, akapiga moyo konde, lakini mguu hakuuweka chini. Alipofika kona ya mwisho akapiga kengele, mfululizo, na mzee akatoka nyuma ya kombi mikono imejaa grisi.

Alifunga mkanda, akajaribu injini ikanguruma, akaizima, mlango ukafungwa. Zikabaki baiskeli mbili barabarani. Mzee alinyoosha mikono kuipokea ya mkewe, kisha akairudisha mikono hiyo mifukoni, na grisi yake yote. Bi Kengele aliinua, gurudumu likarudi chini. Mzee hakusogea. Mara ya pili baiskeli ikakaa kwenye kulabu. Alikaza mkanda wa keria, akapangusa uso, akamgeukia.

"Ya kwako pandisha mwenyewe," alisema. "Mimi naenda kuwasha gari."