Mama Alipotambua Pumu ya Mbwa Wangu

Mama yangu alikuwa hapendi kabisa kugusa mbwa. Alipohamia kwangu kijijini Theta, alimsalimia mbwa wangu kwa mbali tu, kama jirani asiyemwamini. Sikutarajia kwamba yeye ndiye angemwokoa.

Kikohozi kilianza wakati wa kiangazi. Kilikuwa kikavu, kama cha mtu anayejaribu kutoa kitu kilichokwama kooni. Nilidhani ni mfupa. Nilimfungua mdomo na kummulika kwa tochi ya simu, nisione kitu. Nikampa dawa ya minyoo. Akaendelea kukohoa.

Asubuhi moja nikiwalisha kuku, nilisikia mama akiniita kwa lile jina lake la kumbembeleza binti, lakini kwa sauti nisiyoizoea.

"Mami, kuja haraka! Angalia vile amesimama."

Mbwa alikuwa uani, hataki kukaa wala kulala. Shingo ameinyoosha mbele, miguu ya mbele ameitanua, tumbo likisukuma kila pumzi itoke. Fizi zake zilikuwa zimeanza kuwa za zambarau.

"Hewa inaingia lakini kutoka ni shida," mama akasema. "Mimi hushikwa hivyo hivyo. Hiyo ni pumu."

Mama ana pumu tangu utotoni. Nilinyoosha mkono nichukue pampu yake ya kuvuta dawa, akaificha nyuma ya mgongo.

"Hii nilipimiwa mimi. Yeye mpeleke kwa daktari wake."

Jirani alitupeleka Thika, madirisha ya gari yakiwa wazi. Daktari wa mifugo alimwekea oksijeni, akamdunga sindano, na alipotulia akampiga picha ya kifua.

"Ni pumu kweli. Kwa paka tunaiona sana," akaniambia. "Kwa mbwa ni nadra, ndiyo maana nimeangalia moyo na mapafu kwanza. Huwa analala wapi?"

"Kwa stoo, kando ya magunia ya maranda ya kutandikia kuku."

"Basi tuanzie hapo. Vumbi, moshi wa jiko, dawa ya mbu ya kuchoma, vyote viwe mbali naye."

Kisha akanivisha kile chombo chake cha masikioni na kukiweka ubavuni mwa mbwa. Nilisikia filimbi nyembamba, nyingi, kila moja na sauti yake, zikilia kila alipotoa pumzi. Miaka yote minne niliyokaa naye nilikuwa nimemlisha, nimemwogesha, nimemfokea, na sikuwahi kufikiria kwamba ndani ya kile kifua kulikuwa na kazi kubwa namna hiyo.

Tulirudi na pampu yake mwenyewe, pamoja na kichupa cha plastiki chenye barakoa ya kufunika pua. Daktari alisema tumzoeshe polepole. Siku tatu za kwanza alinikimbia. Siku ya nne mama alinipokonya barakoa, akaketi chini kwenye saruji, akaipaka siagi kidogo ukingoni. Mbwa akanusa, akalamba, akatulia. Mama akambonyezea dawa na kuanza kuhesabu pumzi zake kwa Kikuyu, taratibu, mkono wake mwingine ukiwa juu ya mbavu zake.

Nilisimama mlangoni, sikuthubutu hata kukohoa. Kufikia pumzi ya sita, mama na mbwa walikuwa wanapumua pamoja. Hakuna kati yao aliyejua.