Mama Rangi, fundi anayemrudishia kila mtu ngozi yake

Saa tatu asubuhi jua linafika kwenye dirisha la karakana, na hapo ndipo kazi ya Mama Rangi inapoanza. Tangu alipoingia amekuwa akifuta meza, kupanga makopo na kunywa chai yake taratibu. Sasa anamwita mteja wa kwanza, dereva mstaafu aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari.

"Sogea hapa dirishani, baba. Taa ya umeme ni mwongo, itanidanganya."

Mzee anakunja suruali ya mguu uliobaki. Mama Rangi anauinamia, anaugeuza kidogo, anakodoa macho.

"Hapa chini ya goti una wekundu."

"Mimi? Mwekundu?" Mzee anacheka mpaka kiti kinalia. "Nimeitwa majina mengi barabarani, hilo bado."

"Ndani, baba. Kila mtu ana wekundu wake."

Anadondosha tone la silikoni kwenye kipande cha kioo, anachovya ncha ya sindano kwenye kopo la rangi nyekundu, halafu la njano, halafu la buluu kwa mbali sana. Anakoroga, anakiweka kioo juu ya ngozi ya mzee. Bado. Anakoroga tena. Safari ya nne, tone linapotea, mtu asingejua limeishia wapi na mguu umeanzia wapi.

Karakana hii ya viungo bandia iko nyuma ya hospitali, ina harufu ya plasta na gundi, na vumbi lake jeupe limekwishaingia kwenye nywele za kila anayefanya kazi humo. Wanaume watatu wanachonga miguu na kufunga vifundo. Mama Rangi ndiye anayetengeneza ngozi ya kuvika juu yake, kwa ile silikoni laini kama mpira.

Zamani ngozi hizo zilikuwa zinaagizwa kutoka nje, na zilikuja kwa rangi moja tu, ile ya biskuti. Mwenye ngozi nyeusi tititi alipewa biskuti, maji ya kunde akapewa biskuti.

"Tulikuwa tunawapa watu mikono, wanakwenda kuifungia kabatini," anasema Fundi Mkuu wa karakana. Siku moja alikwenda duka la rangi za nyumba kutafuta kitu cha kupaka juu ya biskuti hizo. Nyuma ya kaunta alimkuta mwanamke akichanganya rangi ya ukuta kwa macho tu, mteja ameleta kigae kilichovunjika na anataka ukuta ufanane nacho. Ulifanana. Fundi Mkuu akavua saa, akamwonyesha ngozi ya mkono wake mahali jua lisipofika. "Na hii?" akamuuliza.

Wiki mbili baadaye mwanamke huyo alikuwa na koti lake la karakana.

Yeye mwenyewe mambo ya rangi aliyaanza mapema kuliko alivyotaka. Mama yake ni mweusi, fundi cherehani. Baba yake, marehemu sasa, alikuwa mweupe, alikuja kujenga daraja na hakurudi kwao. Mtoto wao alitoka katikati, na kila upande ulitaka kumsogeza.

"Tukienda kwa shangazi, dada yake baba aliyemfuata huku, ananipaka poda kabla hatujapiga picha. Tukienda kwa mama mkubwa, ananianika juani niive," anasema, akicheka. "Wote walikuwa wananipenda, siwezi kusema uongo. Ila nilikuwa nalala sijui kesho nitaamka wa nani."

Wanawe wawili nao wametoka kivyao: mkubwa ni mweusi kama bibi yake, mdogo ni mweupe kama babu. Shuleni kuna mtu aliwahi kumuuliza mume wake, kwa adabu zote, kama watoto wale ni wa baba mmoja. "Mume wangu akamjibu, mkidai ada ndipo najua wote ni wangu."

Kwa hiyo msichana mmoja wa hotelini alipoingia karakana, miaka miwili iliyopita, Mama Rangi alimwelewa hata kabla hajakaa.

Msichana huyo alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mashine ya kukamua shuka ilimkata mkono wa kulia kwenye kifundo, juu kidogo ya kiganja. Alipopona, hoteli ikaahidi kumhamishia mapokezi.

"Nilifurahi siku moja tu," anakumbuka. "Kesho yake nikawatazama dada wanaosimama pale mbele. Wote weupe. Hakuna aliyeniambia neno, nilijiambia mwenyewe."

Akanunua krimu. Alipofika karakana uso wake ulikuwa umekwishaachana na shingo, na alikuja na ombi ambalo Mama Rangi hakuwahi kulisikia.

"Mama, usinitengenezee mkono wa rangi niliyo nayo. Nitengenezee wa rangi nitakayokuwa nayo."

"Utakuwa lini?"

"Kama mwezi wa nane hivi."

Mama Rangi anakiri kwamba maneno ya ukali yalimfika mdomoni. Akakumbuka poda ya shangazi, akayameza. Badala yake akamvutia kiti dirishani na kumwomba amwonyeshe mahali ambapo hajapaka krimu. Msichana akainua mkono, akamwonyesha ndani, karibu na kwapa.

"Sasa mwanangu, nikwambie habari ya ufundi tu," Mama Rangi akamwambia. "Silikoni ikishaiva kwenye oveni, imeiva. Haiungui jua wala haishiki krimu. Nikikupa mkono wa mwezi wa nane na wewe usifike huko, utatembea na mkono wa mtu mwingine. Ukifika ukapitiliza, ni hivyo hivyo. Mkono unataka mtu aliyetulia mahali pamoja."

Msichana alilia kidogo, akajifuta, akauliza kama chai imebaki kwenye chupa. Aliondoka bila kuamua. Mwezi mzima hakuonekana, na Mama Rangi akadhani amempoteza.

Alirudi na dada yake. Umbo la mkono lilichukuliwa kwa dada huyo, kwa kuwa vidole vyao vinafanana, na rangi ikachukuliwa kule karibu na kwapa.

"Sasa ukimzaba mtu kibao, kesi ni yangu," dada alimwambia, mkono ukiwa bado ndani ya plasta.

Siku ya kuuvaa, msichana aliuweka mapajani na kuutazama kwa muda mrefu. Ulikuwa na mikunjo kwenye vifundo na mishipa inayoonekana kwa mbali. Ulikuwa mweusi wa kwao, anavyosema mwenyewe.

"Kila asubuhi nikiuvaa, uso ndio ulikuwa haufanani. Nikangoja. Mkono haukukubali kunifuata, basi nikaufuata mimi." Krimu ilikwenda jalalani. Uso ulichukua miezi kurudi, kwa madoa madoa, lakini ulirudi.

Na mapokezi? Siku ya kuitwa alikwenda ameuvaa mkono wake. Meneja alimuuliza kitu kimoja tu: kama anaweza kusimama kutwa nzima bila kukaa. Leo anasimama pale mbele, kitambulisho kifuani, akipeana mikono na wageni kwa mkono ule ule. Yapo ya kuudhi. Mgeni mmoja alimpita na kuuliza yule dada mweupe yuko wapi.

"Nikamwambia amekwenda kula, mimi ndiye nipo, nikusaidie nini?" anasimulia. "Akasaidiwa. Jioni akaniaga kwa jina."

Mama Rangi hajifanyi kwamba amemaliza tatizo la dunia. Anaipenda kazi yake, anapenda kurudi nyumbani kabla jua halijazama, na anapenda wateja wanaorudi kumsalimu tu. Ila kuna jambo limekaa kichwani mwake. Watoto hukua haraka na kiungo huwatosha muda mfupi, kwa hiyo karakana haijawahi kuwatengenezea ngozi. Wanavaa plastiki tupu.

"Mtu mzima anakuja hapa ameshajifunza kuficha," anasema. "Nataka nimpate mtoto kabla hajafundishwa."

Ameomba kutumia silikoni inayobaki kwa watu wazima, na Fundi Mkuu amekubali. Wataanza mwezi ujao na mtoto wa kike wa miaka minne, aliyezaliwa bila mkono mmoja. Juzi mama yake alimleta kuchukuliwa rangi.

Mama Rangi alimkalisha dirishani, akamuuliza, kama anavyowauliza wote, "Haya, wewe una rangi gani?"

Mtoto akautazama mkono wake, mbele na nyuma.

"Yangu," akasema.